Beryl Markham, ndege ndogo na saini ya fundi

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa chini ya kitanda cha nyanya yangu pale Ziwani, Nairobi. Risasi zilikuwa zikilia upande wa Eastleigh, kwenye kambi ya jeshi la anga, na redio ilikuwa imeshatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Nyanya aliletwa Nairobi na kazi ya babu ya reli, na mpaka anafariki hakuacha buibui lake la Mombasa. Siku ile alikaa juu ya kitanda kile kile na tasbihi yake, kila risasi na punje moja.

Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, kikongwe wa Kizungu wa miaka 79 alikuwa akiendesha gari lake kuelekea klabu ya Muthaiga. Gari likapigwa risasi. Alinusurika, kama alivyokuwa amenusurika maisha yake yote. Jina lake lilikuwa Beryl Markham, na mimi sikuwa nimepata kulisikia.

Nimelijua kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana anasomea ufundi wa ndege na anakaa Ziwani, nyumba ileile ya nyanya, kwa sababu kodi yake ni nafuu na matatu za mjini ni karibu. Mwaka jana nilipokwenda kumtembelea, aliniuliza swali lililonishinda: mjomba, kule Marekani na Ulaya wamebadilisha kanuni za kuidhinisha ndege ndogo, je, ni jambo la kheri au ni mlango wa ajali? Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana na mwanamke huyu. Leo nitakusimulieni habari zake, na swali la kijana nitalirudia njiani, kwa sababu kwangu mimi mambo haya mawili hayaachani tena.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, Ashwell, katika Rutland. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi aliyeuza alichonacho akaja Afrika Mashariki kutafuta bahati. Alipata shamba Njoro, akaweka mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha mbao. Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, akamwacha binti mdogo na baba yake.

Basi mtoto yule akalelewa na shamba. Alicheza na kuwinda na watoto wa Kinandi na Kipsigis, akajifunza kurusha mkuki, akazungumza Kiswahili na lugha ya wenzake. Simba wa kufugwa wa jirani aliwahi kumrukia na kumjeruhi. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta, alikuja kuwa mtu wake wa kazi kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye ndege. Hapo ndugu msomaji usisahau ulikuwa ukoloni: wawili waliocheza sawa, mmoja akawa memsahib na mwengine akawa mtumishi. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hilo, na sioni kama lilimpa usingizi mwema.

Aliolewa akiwa hajatimiza miaka 17. Baba akafilisika, akaenda Peru. Binti akabaki, akajifanyia kazi ya kufunza farasi wa mashindano na kupata leseni yake akiwa bado msichana, mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Ndoa zake zilikuwa tatu, na zote zilivunjika. Kuhusu mapenzi yake, pamoja na yale ya mtoto wa mfalme wa Uingereza, vitabu vimejaa, na anayetaka umbea ataupata huko. Mimi nataka ndege.

Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Wilson, alitoa mtaji akaanzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson tunaoshukia tukitoka Ukunda, Malindi na Lamu umebeba jina la mama huyu. Campbell Black ndiye aliyemfunza Beryl kuruka, mwaka 1931. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alimwachia mwanafunzi aelekeze ndege kwenye vilima vya Ngong, upepo unaoshuka uibebe chini chini, mpaka mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba injini inanguruma na bado ardhi inapanda kumlaki. Hapo tu ndipo alipoishika ndege na kuigeuza. Alimfunza pia kuamini dira kuliko hisia zake.

Mwezi wa Mei mwaka huo, Beryl akiwa bado mwanafunzi, pwani yetu iliingia katika hadithi. Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyekuwa na nyumba Takaungu, alinunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth na kuanza kuitumia kutafuta tembo kutoka angani. Alimwalika Beryl waende pamoja Voi. Campbell Black alimsihi asiende, naye akabaki. Finch Hatton akaenda na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Inasimuliwa kwamba alipotua pwani jiwe la matumbawe lilipiga rafadha, na ikabidi aletewe nyengine kutoka Nairobi. Ikafungwa, akaruka mpaka Voi, akalala. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 aliondoka Voi, ndege ikazunguka juu ya kiwanja, ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili walikufa.

Kaburi la Finch Hatton liko vilima vya Ngong, watalii wanapelekwa kuliona, na sinema imetengenezwa. Kamau anatajwa mara moja, tena kwa jina moja, kama mzigo uliokuwamo. Nimemfikiria sana huyu Kamau. Alipanda kwa sababu bwana wake amepanda. Hakuna aliyemwuliza kama rafadha ile mpya imemridhisha.

Nisije nikaeleweka vibaya: sheria zilikuwepo hata wakati ule. Mkataba wa Paris wa 1919 ulitaka ndege inayovuka mipaka ya nchi iwe na cheti cha ustahiki wa kuruka, na rubani wake awe na leseni. Makoloni ya Uingereza yalifuata mtindo huo, na ndege za Kenya ziliandikishwa kwa herufi VP-K, kabla hatujawa huru na kupata 5Y. Leseni ya kwanza, A, ilimruhusu mtu kuruka bila kulipwa. Aliyetaka kubeba abiria na barua kwa malipo alihitaji B.

Beryl alipata A mwezi Julai 1931, na mwaka uliofuata akaruka peke yake mpaka Uingereza kwa ndege yake aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 akapata B, na tena akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Mtihani ule ulimtaka aijue injini kwa mikono yake: kuifungua, kusafisha njia za mafuta, kubadilisha plagi. Mpwa wangu alifurahi sana niliposoma hapo. Anasema leo kuna marubani wasiojua mafuta yanaingilia wapi. Anatia chumvi, ni kijana, lakini mtu anayekaa hanga kutwa nzima anaona mengi.

Kisha zikaja kazi. Alibeba barua, abiria na dawa. Usiku mmoja aliitwa kupeleka chupa ya oksijeni kwa mchimba dhahabu mgonjwa huko Nungwe, Tanganyika, kiwanja kikimulikwa kwa mioto tu. Safari hiyohiyo alimtafuta rubani mwenzake aliyepotea Serengeti na ndege ya Kijerumani, akamkuta hai. Ndege yake haikuwa na redio, na ramani zake zilikuwa na sehemu nyeupe ambazo hakuna aliyekuwa amezipima. Aliwatafutia wawindaji tembo pia, kazi iliyolipa vizuri na iliyomfedhehesha baadaye. Injini moja, mtu mmoja, na nyika yetu chini yake kutoka Makindu mpaka Voi. Ikizima, ni miiba na ndovu.

Mwaka 1936 akaenda Uingereza kwa jambo kubwa zaidi. John Carberry, tajiri wa Kenya, alikuwa na ndege mpya iliyokuwa ikitengenezwa na Edgar Percival huko Gravesend, aina ya Vega Gull, herufi zake VP-KCC. Alikubali kumpa Beryl aivushe Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo peke yake.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpwa wangu aliponinyang'anya kitabu.

Ili mafuta yatoshe, Percival alijaza matangi ya ziada ndani ya chumba cha ndege, pale ambapo abiria wangekaa. Matangi hayo hayakuwa na geji. Rubani hakuwa na njia ya kujua kilichobaki isipokuwa kusubiri tangi likauke kabisa. Injini inazima, juu ya bahari, usiku, kisha anapapasa koki ya tangi linalofuata, anaifungua, na kungoja injini iwake tena. Hivyo ndivyo alivyoelekezwa, na hivyo ndivyo alivyofanya. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, mvua na upepo usoni, bila redio. Tangi la kwanza lilipokauka alishuka karibu mno na maji kabla injini haijashika.

Aliruka kwa zaidi ya saa 21. Alipokwisha kuiona ardhi ya Kanada injini ikaanza kukohoa ingawa tangi la mwisho lilikuwa na mafuta. Sababu iliyotolewa baadaye ni kwamba barafu iliziba tundu la hewa la tangi, na tangi lisilovuta hewa halitoi mafuta. Alijitupa kwenye kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, pua ya ndege ikazama kwenye tope, akatoka na jeraha la kichwa, akapokelewa na wavuvi. New York ikampokea kwa shangwe. Tarehe 19 Septemba, wiki mbili tu baada ya yeye kuanguka Baleine, Tom Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa uwanja wa Speke, Liverpool. Hakuwa angani. Alikuwa ameketi katika ndege yake chini, ikienda polepole kwenye nyasi, ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua ikamgonga.

Mpwa wangu alirudia ukurasa wa matangi mara tatu.

Sasa turudi kwenye swali lake. Ndege yoyote inayopakia watu ina karatasi za namna tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya muundo: serikali ya nchi ya mtengenezaji inakubali kwamba ndege ya aina hii, ikijengwa hivi, ni salama. Ya pili ni ya ndege yenyewe, hii hapa yenye herufi hizi, kwamba inafanana na muundo ule na imetunzwa. Ya tatu si hati moja bali ni saini ya fundi mwenye leseni, kila anapomaliza kazi, kwamba kazi imefanyika sawasawa.

Kilichobadilishwa ng'ambo ni hiyo ya kwanza. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2013, mamlaka yao ya anga ikaandika upya kanuni za ndege zisizozidi viti 19 vya abiria, na kanuni mpya zikaanza kazi Agosti 2017. Ulaya walifanya mfano wa hayo mwaka huohuo. Kanuni za zamani zilikuwa zikitaja kila kitu jinsi kinavyotakiwa kutengenezwa. Mpya zinataja matokeo yanayotakiwa, na mtengenezaji anaonyesha kwa vipimo vilivyokubaliwa kwamba ameyafikia. Zimeongeza ukali kwenye mambo mawili yanayoua ndege ndogo: rubani kupoteza udhibiti kwa sababu bawa limeacha kubeba, na barafu. Ile barafu ya Baleine.

Sababu yao naiona ya haki. Kanuni za zamani zilifanya kifaa kipya cha usalama kuwa ghali mno kukiidhinisha, hata kifaa kidogo cha kumwonya rubani kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba. Matokeo yake watu walibaki na ndege za zamani na vifaa vya zamani. Cessna 172 zinazofundishia vijana Wilson na Malindi, muundo wake ni wa miaka ya 1950. Caravan zinazotupeleka Lamu ziliidhinishwa 1984. Si kwamba ni mbovu, ni ndege nzuri. Lakini sheria inayomzuia mtu kufunga kitu kitakachomwokoa ni sheria ya kutazamwa upya, na Kenya, ambayo hupokea miundo iliyoidhinishwa ng'ambo, itanufaika ikiwarahisishia wenye ndege za zamani kufunga vifaa hivyo kwa gharama wanayoiweza. Beryl angekuwa na geji kwenye matangi, asingelazimika kusubiri injini ife ndipo ajue.

Hapo nakubaliana na mageuzi. Pale ninapokataa ni anapokuja mtu na kusema kwamba kwa kuwa wenzetu wamelegeza, na sisi tulegeze ukaguzi. Wenzetu hawakulegeza karatasi ya pili na ya tatu. Waligusa ya kwanza. Na kwetu, shida ninayoiona mimi iko kwenye hizo mbili.

Nina sababu ya kusema hivyo, na si sababu ya kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda ndege ndogo kutoka Manda, ikitua Malindi kisha Wilson. Kampuni siitaji. Mkanda wa kiti changu haukushika, ulimi ulikuwa unaingia na kutoka kama kisu kwenye samli. Nilipomwambia kijana wa mizigo akanihamisha kiti cha nyuma, kwa adabu kabisa. Malindi akapanda mzee mmoja wa kofia na bakora, akaketishwa pale pale nilipotoka. Nilimwona akihangaika na mkanda, akaufunga fundo mbili mapajani, akaushika kwa mkono. Sikusema neno. Nilikuwa na mkutano Nairobi na sikutaka ndege icheleweshwe. Tulitikiswa vibaya juu ya Tsavo, yule mzee mkono wake haukuachia mpaka magurudumu yakagusa. Tulipokuwa tukishuka alinishukuru kwa kumbebea bakora.

Mkanda ni kitu cha kukaguliwa. Kuna orodha, na kuna aliyetia saini kwamba orodha imepitiwa.

Wala si abiria tu. Sisi wa Ziwani tunajua. Mwezi wa Aprili 1992 ndege ya kijeshi aina ya Buffalo iliangukia nyumba za Kaloleni, ng'ambo ya Jogoo Road, ikaua waliokuwamo na watu wa mtaani. Moshi ule niliuona kutoka mlangoni kwetu, na kwa miezi mingi nyanya alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi kila ndege ya Eastleigh ikipita juu ya bati, kisha anamalizia. Januari 2025 ndege ndogo ilianguka kando ya barabara Malindi, watu watatu wakafa, na wote walikuwa chini, katika shughuli zao. Oktoba mwaka huohuo, Caravan iliyoondoka Diani ikaanguka milima ya Kwale na hakuna aliyetoka hai. Sisemi ajali hizi chanzo chake ni karatasi. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na wamo wizarani, mbali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kama inavyotakiwa. Ninachotaka ni ripoti zao zitoke kwa Kiswahili pia, zisomwe Kwale na Malindi na walioona moshi. Mwaka 2017 Marekani iliikubali Kenya kuwa inasimamia anga yake kwa viwango vya kimataifa. Ilikuwa sifa kubwa, na ilitangazwa sana. Ripoti ya ajali haipewi tangazo kama lile.

Beryl aliishi Marekani miaka kadhaa, na mwaka 1942 kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, kikatoka, kikasifiwa, kikasahauliwa. Wapo wanaosema mume wake wa tatu, mwandishi, ndiye aliyekiandika. Wapo wanaoapa kwamba sivyo. Alirudi Kenya, akarudia farasi, na kwa miaka mingi akawa miongoni mwa wafunzaji hodari kabisa wa Nairobi. Ndege aliziacha. Uzee ulimkuta bila mali, katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kitabu kilipochapishwa tena mwaka 1983 kikauzwa sana, naye akapata kula vizuri miaka yake ya mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Mpwa wangu anangojea mtihani wa leseni yake. Akifaulu, siku moja atakuwa yeye ndiye anayetia saini, na atakuwepo meneja mlangoni mwa hanga akiangalia saa, na abiria wa Lamu wameshapimiwa mizigo. Nilikwenda Ziwani wiki iliyopita nikamkuta anakula mahamri ya jana na chai, kitabu cha Beryl kimefunguka mezani, alama ya kidole cha grisi kwenye ukurasa wa matangi. Aliniuliza, mjomba, matangi yale nani aliyatilia saini? Nikamwambia amalize chai, matatu ya saa moja isimwache.